Mpwa wangu alipoota jino la juu kwanza

Wakuu, asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wengine. Haya yametokea nyumbani kwetu, mtaa wa Amani, na sikuyatia chumvi. Madaktari wa humu mnirekebishe nikikosea, maana elimu yangu yote ya kinywa nimeipata kwenye simu.

Mimi natengeneza fremu za picha Mji Mkongwe. Kazi nilijifunza mwenyewe. Pembe ikiachia kidogo tu, hata mteja asione, naibomoa fremu nzima naanza upya. Najua si afya.

Naishi na dada yangu Salma, shemeji, na binti yao Nasra wa miezi saba. Asubuhi moja dada akaniita jikoni, akamfunua mtoto mdomo.

"Hebu tazama. Au macho yangu?"

Ufizi wa juu umevimba, kwa ndani kitu cheupe. Wa chini mtupu.

Kwa msiojua, wazee wetu humwita mtoto wa namna hii kigego. Wanasema ana mkosi. Na mama mkwe wa dada, Bi Time, alikuwa anakuja Ijumaa kutoka shamba, kaskazini.

"Akiliona atamchukua akaaguliwe," dada akasema. "Na hata akimrudisha, hilo jina halitamtoka."

Nikaingia mtandaoni. Kumbe meno ya mtoto huanza kujijenga angali tumboni, kila moja kwenye kifuko chake ndani ya taya. Likipanda, halichani ufizi kama msumari. Nyama iliyolifunika inaungana na ufizi, njia inafunguka, kisha ufizi unabaki umelikumbatia jino shingoni kama shingo ya kanzu.

Hapo nilikaa nikafikiri. Mimi nakata fremu kwanza, picha inaingia baadaye. Huku picha inapanda, na fremu inajitengeneza pembeni yake.

Na habari ya mkosi sikuiona popote. Ya chini hutangulia mara nyingi tu, basi.

Ningeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini kila nikipata nafasi nilimmulika tochi ya simu, nikapitisha kidole kuona limefika wapi. Mikono nilinawa, tena sana. Ufizi ukawa mwekundu, mtoto akagoma kunyonya.

Dada akatuburuza sote wawili kwa daktari wa meno, mama mmoja wa makamo. Akatazama, akauliza, "Nani anaupekecha ufizi huu?"

"Mjomba wake," dada akajibu haraka kuliko nilivyotegemea.

"We mjomba, ukipanda mbegu unaifukua kila siku kutazama kama imeota?"

Akamgeukia dada.

"Juu au chini, jino ni jino. Mwacheni mtoto."

Nikamwacha. Mikono nilikuwa naiweka mfukoni.

Ijumaa, baada ya sala, Bi Time akaja na mawifi wawili wa dada. Shikamoo, marahaba, chai, kaimati. Akaomba maji akanawa, akampakata Nasra, akatia kidole mdomoni.

Nilikiona kidole kinapita chini, kinapanda juu. Kikasimama.

Dada akaacha kumimina chai.

Bi Time hakututazama. Akakitoa kidole, akakifuta kwa ncha ya kanga.

"Mashaallah. Mjukuu wangu kaota. Nshaliona, la chini."

Wifi mmoja akanyoosha shingo. "La chini, mama? Mbona kidole kilikuwa..."

"Nshasema la chini. We una macho kunishinda mimi?"

Wakuu, nilifungua mdomo. Wallahi nilitaka kurekebisha. Nilikuwa nshasoma, picha za ufizi nnazo kwenye simu, na kilichosemwa si sahihi. Dada akanikanyaga mguu pembeni ya mkeka wa chakula. Nikachukua kaimati nikaitia mdomoni nzima.

Kwetu neno la bibi juu ya jino la kwanza halikatwi. Mawifi walirudi kaskazini wakisema mtoto kaota la chini, na huko ndivyo inavyojulikana hadi leo.

La chini lilikuja baadaye, taratibu zake. Sasa Nasra anang'ata kila kitu, na ufizi umeyashika meno vizuri kuliko fremu yoyote niliyowahi kutengeneza.

Nilichojifunza: kusoma kulinitoa hofu, lakini aliyemwokoa mtoto ni bibi aliyeamua kukosea makusudi. Bado nalitafakari.

Karibuni mseme. Na kama humu yupo aliyeanza na ya juu, atuambie: kwenu nani alisema ni la chini?