Dira ya Babu na Kaburi la Bibi

Siku tuliyomzika bibi naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Jana nilikuuliza kikokotoo chako umekiweka kupima pembe kwa digrii au kwa radiani, wewe unayepiga mahesabu ya paa la yule mama mjane wa Ntinda, ukanijibu, "Namba ni namba tu, mzee." Ati namba ni namba! Hebu keti.

Sisi Wanubi wa Kampala ni wajukuu wa askari, na kila nyumba ina kitu cha jeshi inachokiheshimu kupita kiasi. Kwetu ilikuwa dira ya babu. Bibi alipofariki tulikuwa na kiwanja kipya cha maziko nje kidogo ya mji, hakuna hata kaburi moja la kulinganisha, na wingu lilikuwa limetanda tangu alfajiri. Imamu akatwambia kibla ni digrii kumi na nane kutoka kaskazini, upande wa mashariki. Ami Juma, mdogo wake baba, akaishika dira kifua mbele, akatafuta kumi na nane, akaamuru tuchimbe.

Lahaula! Dira ile haikuwa ya digrii. Duara la imamu lina sehemu mia tatu na sitini. La jeshi limegawanywa sehemu ndogo ziitwazo mili, elfu sita na mia nne, zikaandikwa kwa mia-mia mpaka sitini na nne. Kumi na nane ya pale ni mili elfu moja na mia nane, yaani digrii mia moja na moja, karibu na macheo kabisa. Kibla, kwa dira ile, ilikuwa kwenye tatu na ushee. Nilimwuliza ami mbona anatupeleka macheo, akaniambia nishike koleo, dira ya babu haikosei.

Baba mkubwa Rajabu, kaka yao, alifika na jeneza. Akalitazama kaburi, akaisoma dira, akamwonyesha ami kosa lake. Unajua ami alisemaje? Kwamba watu wamechoka, mvua inakuja, na Mungu ni mwingi wa rehema, basi tuzike tu. Na watu wazima wakaitikia! Kuteleza si kuanguka, mwanangu, lakini yule aliteleza akataka marehemu aanguke badala yake.

Baba mkubwa hakupaza sauti. "Mama huyu alikulaza vizuri kila usiku," alimwambia. "Leo unataka kumlaza vibaya mpaka kiyama, kwa kuwa unaona haya kushika koleo?"

Ami akavua kanzu, akachimba upya yeye mwenyewe. Mvua ilitukuta humo humo, lakini bibi alilazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla.

Basi sikia. Kabla hujaitumia namba, uliza duara lake limegawanywa sehemu ngapi, kisha ibadilishe. Digrii mia na themanini ni radiani tatu na ushee. Ukichanganya hizo mbili, paa litamwangukia mtu. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, usijifiche nyuma ya rehema ya Mungu. Chimba upya.

Sasa nenda Ntinda, kabla msumeno haujagusa mbao za yule mama. Mungu aunyooshe mkono wako, na akupe moyo wa kukiri kosa mbele ya watu.