Siku Mtani Alipoacha Kutania

Enoka alikuwa mtani wa ukoo mzima wa bwana harusi, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko alivyolima pamba. Kwenye harusi za Butiama alishajifanya mlevi, alishajifanya amekufa, na mwaka juzi alimlilia ng'ombe wa mahari hadi ng'ombe mwenyewe akashangaa. Mkewe, Wankyo, alishachoka kumwonea aibu. Yeye alikula pilau yake tu.

Jumamosi hiyo, Enoka akiwausia maharusi, maneno yakaanza kumburuzika mdomoni. Soda ikamponyoka mkono wa kushoto. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Huyu anatuchekeshaga siku zote, lakini leo katuweza!"

Wankyo naye alicheka, mpaka alipouona ule mdomo. Upande mmoja ulitabasamu, wa pili umelala. Wiki iliyopita tu nesi wa kliniki ya presha aliwaambia dalili za kiharusi: uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, usingoje hata dakika. Sahani ikamdondoka.

"Baba Yuliana, inua mikono yote!"

Mmoja ukapanda. Wa pili ukaishia njiani. Watu hoi, wanafuta machozi.

"Anapooza, jamani! Hatanii!"

"Na mama kaingia mchezoni!" akatangaza mshereheshaji, muziki ukaongezwa.

Lo! Wankyo alimvaa, akampokonya kipaza sauti. "Mume wangu anakufa, nyie mnakenua meno! Gari liko wapi?"

Gari la karibu lilikuwa la maharusi, limejaa maua na maputo. Bwana harusi, Clementi, akakamata usukani mwenyewe. Bibi harusi, Ghati, akampakata mgonjwa kichwa, shela likiwafunika wote wawili. Shangazi mmoja akaleta maji. "Asinywe kitu, atapaliwa!" Wankyo akafoka, mlango ukafungwa.

Njia nzima hadi hospitali ya Musoma walipigiwa vigelegele. Bodaboda zikawasindikiza kwa honi, na Wankyo, roho mkononi, akajikuta anawapungia watu mkono ili wapishe.

"Ilianza saa ngapi?" daktari aliuliza.

"Saa nane na dakika kumi."

"Mmewahi, mama. Mmewahi sana."

Siku ya tatu Enoka alimshika mkono. "Mama Yuliana," alisema polepole, "asante."

Wankyo akasubiri mzaha. Akamtazama usoni, akasubiri tena. Haukuja, na hapo ndipo alipolia.