Hatua Nane za Mchezo wa Tano

Baba mdogo wangu aliacha kucheza chesi kwa sababu ya ukurasa mmoja wa kitabu.

Ukurasa wa hamsini na mbili. Ulieleza jambo alilofanya mezani, na yeye halikumbuki kabisa. Tangu siku hiyo ubao wake ukaenda stoo.

Nikisimulia haya bado nasikia kinyaa, mtanivumilia.

Baba mdogo ni fundi saa. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi, mlango wa pili kutoka kwake. Ndiye aliyenifundisha chesi, na alinifundisha kwa vitabu vya mechi, vile ambavyo mchezaji mwenyewe anaeleza kila hatua aliyocheza.

Tulikuwa tunafunika hatua inayofuata kwa kadi, tunabishana weee, kisha tunafunua.

Wachezaji mtanielewa. Mezani unaona mkono wa mtu tu. Kitabuni unaona alichoogopa, alichotamani, na pale alipoyumba akajikaza. Kimoja nilikisoma hadi jalada likabanduka.

Basi Mwenyekiti wa klabu yetu, mhandisi mstaafu, akamshinda baba mdogo kwenye mechi ya michezo minane. Alishinda kihalali, sina ubishi. Akaamua kuiandikia kitabu.

"Binti, wewe ndiye uliyekuwa unaandika hatua," akaniambia. "Nichapie zote. Maelezo nitaweka mimi."

Nikachapa, akaweka maelezo. Jamani, maelezo gani yale.

"Hapa nilipata utulivu wa ajabu." "Hapa mpinzani wangu alianza kutokwa na jasho." Jasho lipi, na feni ilikuwa inampuliza baba mdogo usoni? Kila hatua yake amejiwekea alama mbili za mshangao, zile za hatua ya kipekee, hata ile ya kumkwepesha malkia asiliwe, ambayo mtoto wa shule angeicheza.

Kisha ukaja huo ukurasa wa hamsini na mbili. Mchezo wa tano, hatua ya thelathini na moja. Baba mdogo anamweka malkia wake mahali ambapo farasi anamla bure.

Mwenyekiti amejaza ukurasa na nusu. Eti mtego aliutega hatua sita kabla. Eti vidole vyake vilikuwa vya baridi alipomshika yule farasi. Eti alimhurumia mzee mwenzake, "ambaye akili yake, kwa umri, imeanza kuchoka".

Nilitamani kutema mate.

Klabuni nako kila mtu akawa anamkumbuka farasi. Mwanachama mmoja, muuza rangi, aliapa kwamba siku ile alikaa nyuma ya baba mdogo, akamwona anavyotetemeka. Watu wazima na ndevu zao.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja mama mdogo, mke wa baba mdogo, akaingia dukani kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Baba yako hayuko sawa," alisema. "Sasa hivi hata saa za watu anazirudisha hajazifungua. Anasema ataacha skrubu ndani asahau."

Nikaenda kwake.

"Shikamoo baba. Kazi vipi?"

"Marahaba. Ile ya malkia siikumbuki, mwanangu."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za malkia.

"Mimi nakumbuka tulibadilishana malkia, tukabaki na vitunda, zile kete ndogo," akaendelea. "Kitunda chake kimoja kikanitangulia hadi mwisho wa ubao. Nilishindwa polepole, mchana kutwa. Ndivyo ninavyokumbuka."

"Labda kitabu kimekosea, baba."

"Hatua uliandika wewe. Wewe hukosei."

Akaigeuza saa aliyoishika, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Dada yangu mkubwa alianza hivihivi. Mwishowe akawa anawauliza wanawe wao ni watoto wa nani."

Nilirudi dukani kwangu, nikafunga mlango.

Sasa niseme nililokuwa nalificha, hata kwenu mnaonisoma.

Karatasi ya pili ya mchezo wa tano, yenye hatua za mwisho, niliipoteza. Siku ya kuchapa nikaona haya kusema, maana nilijulikana kwa umakini. Nikapanga kete zilivyokuwa kwenye hatua ya thelathini, na kwa kuwa nilijua nani alishindwa, nikatunga hatua nane za kumfanya ashindwe haraka. Malkia akaliwa na farasi, mfalme akakwama, kwisha. Hazikuzidi dakika kumi.

Yule farasi hakuwahi kutokea. Alitoka kichwani kwangu.

Kwa hiyo Mwenyekiti aliandika ukurasa na nusu kuhusu mtego alioutega mwanamke mmoja dukani, huku anakula karanga. Na mimi miezi yote minne nilikuwa namcheka kimoyomoyo. Nilimwona mchafu, na ule uchafu ulinipa raha.

Nilipoamua kusema, nikaanza na Mwenyekiti. Nikamweleza yote, sikubakiza.

"Binti, mimi nilikuwepo," alinijibu. "Yule farasi namkumbuka kuliko siku ya harusi yangu."

"Mzee, nilimtunga mimi."

Akanitazama kwa huruma. Huruma kabisa, ya kweli.

"Pole sana. Mambo haya yanatembea kwenye ukoo."

Niliondoka bila kuaga. Nikaenda moja kwa moja kwa baba mdogo, nikasema mbele yake na mbele ya mkewe. Karatasi iliyopotea, haya yangu, hatua nane. Nikasubiri anifokee.

Hakufoka. Mama mdogo akamshika bega.

"Kwa hiyo sikusahau," alisema.

"Hukusahau chochote, baba."

Akavuta droo, akatoa bunda la karatasi zilizokatwa kutoka kwenye kalenda ya zamani. Nikachukua ya juu. Jina la mkewe, majina ya watoto wake wanne, na la mwisho jina langu. Nikachukua ya pili. Yaleyale. Ya tatu, ya kumi, yaleyale, kwa mwandiko uleule wa fundi saa.

"Kila asubuhi kabla sijafungua duka," alisema. "Naandika bila kutazama ya jana, halafu nalinganisha. Nilikuwa nataka nijue siku mtakayoanza kunitoka."

Mama mdogo alikuwa analia, na mimi sikuwa na haki ya kumbembeleza.

Somo? Vitabu vile bado navipenda, sitadanganya. Lakini ukikuta mtu anaeleza kwa uhakika mno, mtafute aliyeandika hatua. Na kama aliyeandika ni wewe, na ulitunga, kaseme leo. Mwenyekiti bado ananitia kinyaa, ila yeye alijidanganya akaamini. Mimi nilijua, nikakaa kimya, na kila asubuhi mtu alikuwa anaandika jina langu kuhakikisha bado ananifahamu.