Kiatu ndani ya Gunia

Harufu ya gunia la korosho hainiachi nitulie. Leo imenipata sokoni, mbali na kwetu Newala, na mkono wangu ukazama guniani mpaka kiwiko kabla sijauliza bei.

Nilipokuwa mtoto, shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Tabora na binti yake, rika langu. Siku tano tuliokota korosho pamoja, tukanyonya mabibo mpaka koo zikawasha, tukalala mkeka mmoja. Asubuhi ya kuondoka nilichukua kiatu chake kimoja nikakizamisha kwenye gunia lililokuwa wazi mlangoni. Bila kiatu hawataondoka, niliwaza.

Wakatafuta uvunguni, jikoni, hata kwenye banda la kuku.

"Kiatu kina miguu?" Shangazi alifoka. "Basi linatuacha!"

Nami nikazunguka nao kama ninayetafuta. Niliporudi mlangoni, gunia halikuwapo. Baba alikuwa ameshalishona, akalifunga kwenye baiskeli, na alikuwa njiani kwenda ghalani.

Mama akanivua ndala zangu, akamvalisha mgeni.

Binti yule akanipa kile kiatu kilichobaki. Akaninong'oneza, "Nilikuona ukikificha. Nikanyamaza. Nilidhani tutakosa basi."

Hawakulikosa.

"Mama, unatafuta nini huko chini?" muuzaji ameniuliza leo.

Nimemjibu kwamba naangalia kama zimekauka vizuri.