Chupa za Kisima Chetu Kwenye Friji ya Chuo

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mwandiko wa shangazi.

Ulikuwa kwenye chupa, ndani ya friji ya ofisi ninayofanya usafi. Umeme ulikatika, friji ikavuja, nikaambiwa niisafishe. Nyuma ya maziwa ya chai, chupa imebandikwa plasta, na juu ya plasta shangazi ameandika: KISIMA, ASUBUHI.

Zilikuwa sita. Maji yameota ukungu wa kijani, chini yana kitu kama kamasi.

Na maziwa ya walimu yamekaa hapo hapo, yanagusana nazo.

Nikafunga mlango, nikakaa sakafuni.

Hiyo ofisi kazi yake ni kuwasaidia walimu wa chuo kikuu wafundishe na kufanya utafiti pamoja na watu wa mitaani. Yaani wanafundishwa namna ya kukaa na sisi. Kweli kabisa, kuna semina.

Siku moja niliwakuta wanaigiza. Profesa mzima amejifunga kitambaa kichwani, anajifanya mama wa mtaani, wenzake wanafanya mazoezi ya kumsikiliza. Mimi wa mtaani nimesimama mlangoni na dekio.

"Pisha kidogo, binti," mmoja akaniambia. "Unatuziba."

Mkuu wao tulimwita Mama Jamii, maana neno jamii halimkauki mdomoni.

Miezi saba kabla ya siku ya friji, mwalimu mmoja kijana alikuja mtaani kwetu na wanafunzi wake. Sisi tunaishi nyuma ya ukuta wa chuo.

"Tutapima maji yenu. Majibu tutawaletea wenyewe," alisema.

Shangazi ndiye anayetunza ufunguo wa kisima. Aliacha nguo zake kwenye beseni, akajaza chupa sita, akaandika kila moja.

Kimya. Mwezi, miezi.

Halafu mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, akashikwa na homa ya matumbo. Akalazwa. Akatoka. Akalazwa tena.

Shangazi akamfuata bwana afya, mimi nikiwa nyuma yake. Bwana afya akafungua daftari.

"Kisima chenu chuo kimeshakipima. Majibu mlishapewa, naona hapa. Kaangalieni usafi wa nyumbani."

Usafi wa nyumbani! Hapo ndipo dada alipokwisha.

"Mama gani haoshi mikono?" majirani wakawa wanasema, tena kwa sauti ili asikie. Wifi yake alikuja akanusa sufuria moja moja kama anatafuta panya aliyefia ndani. Dada akanawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Na maji ya kunawia ni yale yale ya kisima.

Wiki tatu. Ndipo nikafungua friji.

Nilipomwambia shangazi, hakuuliza hata swali moja. Alijifuta povu, akashika njia. Alikuta semina inaendelea.

"Nani mkubwa hapa?"

Mama Jamii akatabasamu. "Karibu sana mama. Jisikie nyumbani."

"Nyumbani kwangu kuna mgonjwa. Maji yangu yanafanya nini kwenye friji yenu?"

Yule mwalimu kijana akainamisha kichwa. "Shikamoo mama... maabara kulikuwa na foleni... halafu mimi nikasafiri kidogo..."

"Foleni ya miezi saba? Na mjukuu wangu naye apange foleni ya kufa?"

Mama Jamii akatoa fomu, bado anatabasamu. Palikuwa na mstari: Matokeo yamerudishwa kwa jamii. Pamewekwa tiki. Chini yake, sahihi ya mwakilishi wa jamii.

Sahihi yangu.

Chumba kizima kikanigeukia. Shangazi akanitazama, kisha akawavaa wao.

"Huyu aliishia darasa la tano! Hamna haya? Mnamsainisha mtoto asichokijua?"

Nikatazama sakafu.

Mama Jamii akamshika shangazi mkono. "Mama, leo umetufundisha. Ungekubali kuja kulisimulia hili kwenye semina ijayo? Chai ipo."

Walimu wawili wakapiga makofi. Wallahi, makofi!

Shangazi alibeba chupa zake, akazipanga mezani kwa bwana afya. Kisima kikapimwa wiki hiyo hiyo. Choo cha nyumba moja ya kupanga ya jirani kilikuwa kinavujia humo.

Tulikuwa tunakunywa mavi. Nasema hivyo hivyo, neno la semina sina.

Kisima kikafungwa. Mtoto amepona, ila amebaki mifupa na macho. Dada hakuna aliyemwomba radhi. Wifi yake alisema tu, "Basi yaishe," akaomba chumvi.

Sasa mtaani mimi ni mfano. Mama yeyote akimpeleka mwanawe shule, akifika kwetu ananyoosha kidole: "Soma, mwanangu, usije ukasainishwa kama yule." Ni funzo zuri. Lichukueni.

Ila mimi nilisoma.

Darasa la tano linatosha kusoma maneno manne. Siku ya kusaini niliyasoma mara mbili, polepole, na nilijua hatujaletewa kitu. Lakini Mama Jamii alikuwa amenivutia kiti. "Kaa," aliniambia, "wewe ndiye jamii yetu." Ndani ya ofisi ile sikuwahi kuambiwa nikae. Nikaona aibu kumkatalia.

Na bwana afya aliposema majibu tulishapewa, nilijua ni kalamu yangu inayosema.

Wiki zote tatu walizokuita mchafu, dada, nilikuwa nimekaa karibu yako, najua, nimenyamaza.