Pikapu Iliyogoma Ukweni

Mume wangu alifundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka thelathini na miwili, kwa hivyo anajua vizuri kabisa kwa nini injini ya dizeli huwaka. Haihitaji cheche kama ya petroli. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto, dizeli inarushwa humo, inalipuka yenyewe. Somo hilo nimelisikia mara nyingi mno, na mara nyingi nilikuwa nimeinama nyuma ya pikapu yetu, viganja kwenye bati lenye umande, nikisukuma. Jambo ambalo mwalimu hakulijua ni kwa nini dizeli yetu haikuwa inawaka.

Tunakaa nje kidogo ya Kitengela, pale nyumba zinapoanza kuachana na uwanda unaanza. Watu wa mbali hudhani kaunti yetu ya Kajiado ni jua na vumbi mwaka mzima. Waje Julai. Upepo unavuka uwanda mtupu na kukuingia mifupani, jua linajificha mpaka saa tano, na ukigusa komeo la geti alfajiri unalalamika kwa sauti. Mimi nafuga kuku wa mayai. Mayai lazima yafike madukani mapema, kabla mwenye duka hajachukua ya mtu mwingine. Kwa hivyo saa kumi na mbili kasoro nilikuwa uani nimevaa sweta mbili na kilemba, trei zimeshapangwa nyuma, nikisikiliza staata ya pikapu ikilia nyi-nyi-nyi kama mtoto wa mbuzi aliyepotezwa na mama yake.

"Mzee, peleka gari kwa fundi."

"Ni baridi tu. Ikipata joto itawaka."

"Na itapata joto aje kama haijawaka?"

Hapo alikuwa anapanguza miwani. Akipanguza miwani ujue jibu hana.

Tulijaribu kila kitu ambacho mtu yeyote alimwambia, isipokuwa fundi. Jirani mmoja alimwambia oili nzito huzuia moshi, akajaza oili nzito kuliko zote dukani. Mwingine alimwambia madereva wa malori huwasha gazeti na kulishikilia kwenye mdomo wa bomba la hewa, injini ivute joto. Asubuhi hiyo injini ilivuta joto, ikavuta na moto wenyewe, na mdomo wa bomba, ambao ni wa plastiki, ukayeyuka na kunyong'onyea kama mshumaa. Nilizima moto kwa maji ya kuku. Mume wangu akasema angalau tumejua hewa inafika. Nilichukua trei nne, nikasimamisha bodaboda, na njia nzima nikawa najibu maneno ambayo hayakuwa yamesemwa.

Dawa yetu ya kila siku ikawa kusukuma. Yeye anashika usukani, kwa sababu eti gari lina mambo yake, na mimi nasukuma, kwa sababu sina. Ikikubali, moshi mweupe unajaa kiwanja kizima na kuingia kwa jirani ambaye ameanika nguo. Jirani huyo aliacha kunisalimia mwezi mzima.

Basi kijana wetu wa pili akapata mchumba. Msichana ni wa Loitokitok, nyumbani kwao ni chini kabisa ya mlima, familia ya Kimaasai inayofuga na pia kulima nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji. Sisi asili yetu ni Murang'a. Tukaitwa twende tujitambulishe, wazazi wawili tu, bila sherehe; kijana alikuwa ametutangulia huko. Nilimwomba mume wangu tupande gari la abiria. Alikataa. Alisema mtu hawezi kwenda kuomba mke kwa watu akishuka stendi na mfuko wa plastiki kama mgeni wa mazishi.

Tulifika Jumamosi mchana, injini ikiwa moto na yenye adabu. Tulipokelewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Baba wa msichana ni mzee mpole ambaye kiharusi kilimwacha na mkono mmoja dhaifu, na mama yake, ambaye sasa namwita mkwe wangu, ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Tulikula, tukaomba, tukacheka. Mume wangu alizungumza vizuri, nikamwonea fahari, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa muda. Ilikubaliwa tulale, tuondoke asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nimeagiza vifaranga mia mbili Isinya, na mwenye kuviuza alikuwa ameniambia wazi: saa sita mchana, ukichelewa nampa mwingine, wanaongoja ni wengi.

Kabla hatujaingia ndani kulala nilimnong'oneza, "Mzee, geuza gari liangalie mteremko." Boma lile liko kwenye mwinamo mzuri, hata mzigo wa kuni ungejishukia wenyewe. Yeye alikuwa ameegesha pua ikitazama juu, karibu na zizi, akasema si heshima kumgeuzia mkwe matako ya gari.

Baridi ya Loitokitok si ile ya Kitengela. Kitengela inakuchapa; ile ya chini ya mlima inakushika na kukukalia. Nilipotoka asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe na maji ya kunawia yalinichoma vidole. Mlima ulikuwa wazi wote, na theluji yake, lakini sikuwa na moyo wa kuutazama, kwa sababu mume wangu alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

Nyi. Nyi-nyi. Nyi.

Akajaribu tena. Nyi. Kisha kitu kikagonga tk, kukawa kimya.

Familia yote ilikuwa imetoka kutuaga. Baba wa msichana amejifunika shuka, binti na kijana wangu wamesimama karibu karibu, mkwe wangu amevaa viatu vya gambuti na koti la mvua, kikombe cha chai mkononi. Mume wangu akashuka, akatabasamu, na nikajua kinachokuja. Akaanza kuwaeleza habari ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Aliwaeleza vizuri, kwa mikono, kama yuko mbele ya ubao, kwamba chuma baridi kinaiba joto na hivyo si kosa la mtu yeyote.

Mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwalimu, na hita ziko sawa?"

"Ziko sawa. Taa inawaka kwa dashibodi halafu inazima, vile inatakiwa."

"Hiyo ni taa. Hiyo inaweza kuwaka hata kama hita zote zimekufa. Mimi nauliza hita."

Hita, kwa yule asiyejua, na mimi sikujua, ni vijiti vidogo vya chuma, kimoja kwa kila silinda, ambavyo vinawaka vyekundu kwa sekunde chache kabla ya injini kuzungushwa. Gari likiwa baridi, hivyo ndivyo vinavyoipa hewa joto la kuanzia. Mume wangu alisema hita haziharibiki hivi hivi. Akasema wasukume tu kidogo kurudi nyuma.

Hapo nikashindwa. Nilikuwa nimejiapiza kuwa mpole siku hiyo, lakini niliona vifaranga vyangu vikienda kwa mtu mwingine, nikaona miaka miwili ya asubuhi zote zile. Nikasema mbele ya wakwe, kwa sauti, kwamba nimemwambia fundi, fundi, fundi, mpaka mdomo umekauka, na kwamba mtu aliyesoma hivyo anawezaje kukataa kufungua boneti. Kijana wangu akatazama chini. Baba wa msichana akakohoa. Mume wangu alivua miwani, akaishika tu, bila kuipanguza.

"Mama," mkwe wangu akaniambia polepole, "wacha hiyo kwanza. Niletee maji ya moto na vitambaa."

Nilienda jikoni nikiwa nimejichukia. Niliporudi boneti ilikuwa juu. Kumbe lori la nyanya lililokuwa nyuma ya nyumba, ambalo nilidhani ni la mtu wa kukodiwa, ni la mkwe wangu, na dereva ni yeye. Alikuwa na kisanduku cha spana na balbu ndogo ya gari iliyofungwa nyaya mbili. Akafungua kipande cha chuma kinachoziunganisha hita zote nne. Akabana waya mmoja kwenye upande wa chanya wa betri, na ule mwingine akaugusisha kichwa cha hita ya kwanza. Balbu haikuwaka. Ya pili, haikuwaka. Ya tatu, haikuwaka. Ya nne ikawaka.

"Iko moja," akasema. "Mwalimu, umekuwa ukiwasha na moja."

Mume wangu aliinama akaitazama balbu. Akaomba kujaribu mwenyewe. Akagusisha waya kwenye vichwa vyote vinne, mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli."

Hayo hayakuwa yote. Mkwe wangu alichomoa kile kijiti cha kupimia oili akakiinamisha, na oili ikaning'inia kama asali, haitaki kudondoka. Akauliza nani aliweka hii. Akalegeza skrubu iliyo chini ya fyulta, yaani chujio la dizeli, na kukinga kwa chupa ya jemu, na tulipoiinua kwenye mwanga tuliona maji yamekaa chini, dizeli juu yake. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe. Aliumwagia maji ya moto ukayeyuka, akakwangua kwa kisu, akakaza.

Tulizungushia bomba la kuingiza hewa vitambaa vya moto, na kila vikipoa mimi navibadilisha. Katika kungoja ndipo aliponihadithia. Mume wake alipopata kiharusi, lori lilibaki limesimama, nyanya ziko shambani. Akajifunza kuendesha. Julai ya kwanza lilimgomea sokoni, limejaa, na wanaume walisimama pembeni wakicheka wakingoja aombe. Hakuomba. Nyanya zilioza, yeye akalia, kisha akaenda kwa fundi mmoja mzee akakaa gereji wiki mbili akishika tochi na kuuliza maswali.

"Gari ya dizeli haichukii baridi," akasema. "Inachukia kuachwa. Baridi inakuonyesha tu ile kitu uliacha."

Alisema hayo huku akimtazama mume wangu, lakini bila ukali, na nikaona mume wangu ameyapokea. Mimi pia niliyapokea, ingawa sikumwambia mtu.

Akaleta lori, likasimama ubavuni likinguruma, akaunganisha betri na betri. Akabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya fyulta mpaka ikawa ngumu. "Sasa, Mwalimu. Washa hita, hesabu mpaka kumi, zima. Fanya hivyo mara tatu. Ya tatu usizime, piga staata. Na usikanyage mafuta kama mtu anaua nyoka."

Ikazunguka. Silinda moja ikashika, gari likatikisika lote kama mbwa aliyetoka mtoni, kisha ya pili ikaingia, kisha zote. Moshi mweupe ukatoka mwingi hivi kwamba mbuzi walivunja ua wa miiba upande wa pili wakatawanyika, na kijana wangu akaenda kuwakimbiza na viatu vyake vya ugenini. Baba wa msichana alicheka mpaka akashika mlango.

Tuliondoka saa tatu na robo, kijana akabaki akifunga ua wa mbuzi. Baada ya Emali mume wangu akasema, "Hukufaa kuniambia vile mbele ya watu." Nikasema, "Najua. Pole." Baadaye kidogo akasema, "Lakini ulikuwa umeniambia." Kwa mtu wangu, hilo ni ungamo zima.

Isinya tulifika saa saba na dakika kumi. Vifaranga vilikuwa vimekwenda. Mwenye kuviuza alinionyesha maboksi matupu, nikaingojea zamu nyingine wiki nne, na nilikasirika kila siku ya hizo wiki nne.

Jumatatu alikwenda kwa fundi mwenyewe, bila kuambiwa. Alirudi jioni na hita mpya nne, oili inayofaa, fyulta mpya, na bomba la hewa lisilonyong'onyea. Pikapu sasa inawaka kwa mara moja, hata Julai, na jirani ananisalimia. Kijana wetu alioa Desemba.

Ningependa kusema nimepumzika. Lakini mume wangu amekuwa mwinjilisti wa hita. Ibada ikiisha anasimama kwenye maegesho akiwauliza watu kama wamepima hita zao au wanaiamini taa tu. Na kila Jumapili jioni, ninapotaka kumpigia mkwe wangu tuzungumze habari za watoto na mjukuu anayekuja, yeye ndiye anayetangulia kuchukua simu. Wanaanza na salamu, wanaingia kwenye fyulta, wanatoka kwenye fyulta wanaingia kwenye pampu. Nakaa hapo nimekunja mikono. Nikikabidhiwa simu mwishowe, mkwe wangu ameshachoka, anapiga miayo, ananiambia, "Mama, yote Mwalimu ameniambia," na tunaagana.