Noti Tatu za Alto

Wivu wangu ulianza siku msichana mmoja kutoka mtaa wa Milimani alipoweka laptopu yake juu ya meza niliyozoea kuandikia. Ilikuwa Desemba ya 2007, Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya. Meza yenyewe ilikuwa mbovu, mguu mmoja umewekewa kipande cha ubao ili isiyumbe. Lakini ilikuwa yangu. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimeketi hapo nikinakili nyimbo za kwaya ya kanisa letu mjini Nakuru, na hakuna aliyewahi kuweka hapo hata kikombe cha chai bila kuniomba ruhusa.

Mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, ndiye aliyetunga karibu nyimbo zote tulizoimba. Zilimjia shambani, zilimjia kwenye foleni ya benki, naye alizichora kwa penseli nyuma ya bahasha na karatasi kuukuu za mitihani. Mwandiko wake hausomeki. Mimi tu ndiye niliyeuweza. Nilizinakili katika daftari kubwa la jalada gumu, sauti nne moja chini ya nyingine, kwa solfa, d ya do, r ya re, na mistari ya wima ya kutenganisha vipande. Kutoka kwenye daftari hilo nikatoa nakala ya kila mwimbaji, kwa wino mweusi na rula. Mwalimu hakuniita kwa jina. Aliniita Mwandishi, na mazoezi hayakuanza mpaka aulize kama Mwandishi amefika.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Katika wimbo mmoja, ule tuliofungia ibada siku kubwa, Mwalimu alitusahau sisi alto, sauti ya chini ya wanawake. Soprano walipanda kwa madaha, tenor walizunguka wapendavyo, besi walitembea, na alto tukawekwa kwenye noti moja, so, tukakaa hapo vipande vinne vizima tukiwasubiri wenzetu wamalize. Nilikuwa nikiunakili alasiri moja nikashikwa na hasira. Kwani sisi ni viti? Nilipofika kipande cha mwisho, badala ya so tatu nikaandika la, ti, do.

Jumamosi iliyofuata tukaziimba, alto wanane. Mwalimu alisita kidogo, akakohoa, akaendelea. Tangu siku hiyo, kila tukifika pale, aliuinua mkono wake wa kushoto kuelekea upande wetu, kiganja juu. Nilidhani anataka tuongeze sauti, nasi tukaongeza. Sijatunga kitu kingine maishani mwangu. Ni noti hizo tatu tu, na nilizipenda kuliko nguo yangu ya harusi.

Basi huyo msichana. Alikuwa akisomea mambo ya kompyuta Nairobi, amekuja likizo, na Mwalimu alikuwa amemwomba atengeneze kitabu cha nyimbo zetu kwa ajili ya jubilei ya kanisa mwaka uliofuata. Kila wimbo ungekuwa na maelezo yake, ulitungwa lini na kwa nini, na muziki ungekaa katikati ya maelezo hayo. Aliniita nije nitazame. Akaandika maelezo kwa maneno ya kawaida, kisha akaweka alama fulani, na ndani ya alama hizo akaandika muziki kwa herufi na tarakimu tupu, bila kuchora mstari hata mmoja. Halafu akafungua dirisha jeusi lisilo na picha yoyote, akaandika amri ya maneno machache, akabonyeza. Maandishi yakapita mbio, yakasimama.

Ukurasa ulipofunguka nilitamani kuangalia kando. Maelezo yalikuwa juu, muziki chini yake, mistari mitano iliyonyooka, vichwa vya noti vimejaa vizuri, na solfa imepangwa chini ya kila noti, kisha maelezo yakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Unaona, Auntie? Mimi sichori. Naiambia tu, inachora yenyewe. Hata ukiongeza wimbo hapo katikati, kurasa zinajihesabu upya."

Nikamuuliza kama hiyo programu yake inaweza kusoma mwandiko wa Mwalimu. Akacheka, akasema hapo ndipo atakaponihitaji. Nilitaka awe na maringo ili nimchukie kwa raha, lakini hakuwa nayo, na hilo liliniudhi zaidi. Mwalimu aliinama na miwani yake, akautazama ukurasa kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama nakala yoyote ya mkono wangu. Kisha akampiga msichana begani, akamwita mwandishi wetu mpya. Ilikuwa mzaha, watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na roho ikiniuma kweli kweli.

Mwaka ulipoanza, baada ya uchaguzi, mji ukaharibika. Waliokuwapo wanajua, na wasiokuwapo sina maneno ya kuwaeleza. Familia zilizofukuzwa makwao zililala katika ukumbi wa kanisa, na kabati la kwaya lilikuwa humo. Nilipofika siku ya nne nilimkuta mama mmoja akiwasha jiko kwa karatasi ya tenor. Mtoto wake alikuwa analia njaa. Nilichuchumaa, nikamsaidia kupepea. Nakala zote ziliishia hivyo, miaka kumi na moja ya wino wangu, na siku ile sikuona uchungu wowote.

Alto wetu nao waliondoka. Watano kati ya wanane walipanda malori, kila mmoja akielekea kule alikoambiwa ndiko kwao, hata yule aliyezaliwa hapa hapa Nakuru na hajui kwingine. Tulibaki watatu, na mmoja wa hao hakufungua tena mdomo kuimba.

Daftari kubwa lilikuwa nyumbani kwangu, mtaa wa Section 58, ndani ya sanduku nyuma ya pazia.

Machi msichana akaja kunitembelea. Alikuwa amesikia kwamba nakala zimekwisha, lakini Mwalimu alimwambia kuna daftari.

"Auntie, si uko na ile kubwa?"

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Lakini nilimwona akilipeleka kwenye dirisha lake jeusi, akimwaga kazi yangu yote ndani kwa wiki mbili, kisha watu wakishika kitabu chake na kusema, huyu binti ana akili. Nikamwambia daftari nalo lilikuwa kabatini, likaenda na mengine. Macho yake yakajaa machozi, akanipa pole. Nikampikia chai. Sanduku lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Watu walikuwa wamepoteza nyumba, na mimi nikajitia miongoni mwao kwa kitu ambacho hakikupotea.

Akarudi mara ya pili kuuliza kama nimekumbuka lolote. Akarudi mara ya tatu na ujumbe wa Mwalimu kwamba nitafute tena, pengine nililibeba bila kujua. Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto wa kutumwa kutafuta vitu. Jumapili iliyofuata Mwalimu mwenyewe alinisimamisha nje ya kanisa. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Alinitazama mpaka nikaanza kupanga kitambaa changu cha kichwani ambacho hakikuwa na kasoro.

"Haya, Mwandishi," akasema. "Basi atatumia karatasi zangu."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Karatasi za Mwalimu! Atazitazama mpaka aone kizunguzungu, kisha atakuja kwangu kuomba msaada, nami nitakuwa nina shughuli.

Hakuja. Mwalimu alikwenda kuketi naye kila alasiri pale kwenye meza yangu, akimsomea bahasha moja baada ya nyingine, naye akiandika. Nilipita dirishani nikijifanya naelekea kwa mkutano wa akina mama. Nikawaona wameinamia kioo, Mwalimu akiimba kwa sauti ndogo, msichana akibonyeza, kisha wote wawili wakingoja ukurasa ufunguke. Ulipofunguka Mwalimu alipiga makofi. Katika miaka yangu yote hakuwahi kuketi kando yangu hata dakika tano. Nilikuwa nikiletewa bahasha na kuachwa. Niliona kijicho ambacho mwanamke wa umri wangu hapaswi kumwonea mtoto wa miaka ishirini na mbili, na sikuwa na nguvu ya kukiondoa.

Noti zangu tatu nilizifikiria, lakini mara moja tu. Nilijiambia kwamba hazimo katika karatasi za Mwalimu, ni kweli, ila alto wanaziimba bila kutazama popote, na kitabu hakiwezi kumfunga mtu koo. Sikukumbuka kuwahesabu hao alto.

Kitabu kilitoka Agosti, kimechapwa pale mjini. Kilikuwa kizuri kupita nilivyoogopa. Nilikifungua nikitafuta kosa, ukurasa baada ya ukurasa, na sikuona hata moja, mpaka nikafika wimbo wetu wa kufungia. Mstari wa alto ulikuwa so, so, so, mpaka mwisho. Lilikuwa kosa langu mimi, limechapwa kwa wino safi.

Alto wapya walikuwa wasichana wa sekondari, wepesi wa kusoma. Katika mazoezi ya kwanza tulipofika pale nilipanda, la, ti, nikasikia niko peke yangu. Mwenzangu wa zamani alikuwa ameweka kitabu karibu na pua, anasoma. Msichana aliyesimama kando yangu akanivuta mkono wa sweta, kwa heshima kabisa.

"Auntie, umetoka. Kitabu inasema so."

Akanionyesha kwa kidole. Nikamshukuru.

Baada ya mazoezi nilimtafuta yule wa Milimani. Nilimkuta anakunja waya wa laptopu. Nikauliza kijuujuu tu, kama mtu ambaye hana haja sana, kama mtu akigundua kosa katika kitabu linaweza kurekebishwa. Akasema kabla hakijapelekwa kuchapwa lilikuwa jambo la dakika moja. Angebadilisha herufi tatu, aipe ile amri tena, na kitabu kizima kingejipanga chenyewe. Sasa vitabu vilikuwa vimeshashonwa. Halafu akaacha kukunja waya.

"Ni ule wimbo wa mwisho, ama? Pale kwa alto?"

Nikashika kitambaa changu cha kichwani, nikakipanga tena.

"Hiyo ndio Mwalimu alikuwa ananituma nichukue kwako. Alisema alto ya hapo si yake, ni yako. Nikamwambia basi aniimbie tu niandike, akakataa. Akasema hiyo si yake kupeana. Ati ukinipa daftari, hapo utakuwa umeitoa mwenyewe." Akaunyanyua mkoba wake. "Pole sana vile iliungua, Auntie. Tungeweka na jina lako chini yake."

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, upepo wa ziwani ukinipiga vumbi la magadi usoni. Kwa hiyo alijua. Tangu ile siku aliyokohoa. Ule mkono wa kushoto haukuwa wa kutaka sauti zaidi. Alikuwa akinipa nafasi yangu mbele ya watu wote, kila siku kubwa, na mimi nilikuwa nikimwonea gere mtoto kwa ajili ya kupigiwa makofi dirishani. Nililifungua sanduku, nikalitoa daftari, nikaliweka mezani. Nikaona kwamba siwezi kulibeba kwenda popote bila kubeba na ule uongo. Nikalirudisha. Mpaka leo liko humo.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa mpaka nje. Msichana aliketi safu ya mbele na wazazi wake, na kabla ya wimbo wa mwisho mchungaji alimwita asimame, watu wakampigia makofi. Nilipiga pia. Wivu haukuwa umekwisha, nisijidanganye, ila sasa ulikuwa umenigeukia mimi mwenyewe, nikimwonea yule mwanamke ambaye ningekuwa.

Tukaanza kuimba. Soprano wakapanda, tenor wakazunguka. Tulipokaribia kipande kile cha mwisho Mwalimu akaugeuza uso wake upande wetu, akauinua mkono wa kushoto, kiganja juu, kama miaka yote ile. Wasichana wangu walikuwa wameinamia vitabu, hawakumwona. Mkono ulibaki juu, naye alikuwa ananitazama mimi. Ile noti ya la ilikuwa tayari kooni.

Nikashusha macho kwenye ukurasa, nikaimba so.